Picha Iko, Sauti Hapana: Historia ya Waya za Kamalondo

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtu wa Kamalondo, kitongoji cha Lubumbashi, mwenye ndugu safarini aliweza kuletewa deki ya video kutoka Brussels na televisheni kutoka Johannesburg. Alivipanga juu ya meza ya sebule, akachomeka waya wa antena kutoka deki hadi televisheni, akazungusha kitufe cha chaneli mpaka chenga zikatulia. Bruce Lee akatokea. Akaruka, akapiga teke, adui akafumbua mdomo kulia, na chumba kizima kimya. Kesho yake asubuhi mwenye nyumba alikuwa kwa fundi: “Papa, picha iko, sauti hapana.”

Fundi aliyejua kazi yake hakufungua hata parafujo moja. Aliuliza tu deki imetoka wapi na televisheni imetoka wapi. Deki ya wakati ule ilikuwa kama kituo kidogo cha kurusha matangazo: ilichukua picha na sauti za kanda, ikazibebesha mawimbi, ikazituma kwenye waya wa antena. Kwa kipimo cha Ubelgiji, sauti ilipandishwa megahezi 5.5 juu ya picha. Televisheni ya Afrika Kusini iliitafuta sauti megahezi 6 juu ya picha, haikuikuta, ikanyamaza. Mashine zote mbili zilikuwa nzima. Zilichokosa ni makubaliano, na makubaliano hayo yalivunjika zamani, kwenye meza za wakubwa wa Ulaya, kabla wenye nyumba hawajajua kwamba siku moja watamiliki televisheni.

Ndiyo sababu nasema historia ya waya za Kamalondo haianzii dukani. Inaanzia relini.

Reli ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910 ikitokea kusini, kupitia Rhodesia, ikiwa imeunganishwa na njia ndefu inayokwenda hadi bandari za Afrika Kusini. Mji wa shaba ulianza kula, kuvaa na kujengwa kwa mizigo ya kusini, huku amri zikitoka magharibi: kwanza Boma, kisha Léopoldville, na nyuma yao Brussels. Kinshasa ya leo iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Lubumbashi, ilhali Zambia iko pale tu, mpakani Kasumbalesa. Bidhaa za kusini, sheria za magharibi: ukiweka jambo hilo kichwani, utaelewa karibu kila tatizo la televisheni ambalo fundi wa Kamalondo amewahi kuletewa.

Katika miaka ya 1920 wakoloni waliwatenga wakaazi Waafrika na mji wa Wazungu kwa ukanda wa ardhi uliohifadhiwa bila nyumba. Ng'ambo ya ukanda huo kilikua kitongoji kilichopewa jina la Albert, mfalme wa Ubelgiji. Ndicho Kamalondo. Kitongoji cha Kenya kilifuata, halafu Katuba, halafu Ruashi, lakini Kamalondo ilibaki ndugu mkubwa, yenye parokia yake, baa zake, na mpira wake.

Sinema ilifika kwa watu hao ikiwa imechujwa. Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, iliwaonyesha filamu wafanyakazi wake makambini. Wamisionari walionyesha zao. Na baada ya Vita Vikuu vya Pili magari ya serikali yalizunguka na projekta za milimita 16. Kulikuwa na tume ya kuamua Mwafrika aone nini na asione nini. Kwa upande wa ufundi, hata hivyo, mambo yalikuwa mepesi. Projekta ya filamu haiulizi nchi. Ni taa, lenzi, mota na utepe wenye matundu. Utepe uliopigwa Hollywood unapita kwenye mashine ya Brussels bila ugomvi. Umeme nao ulikuwepo, kwa sababu migodi iliuhitaji: bwawa la Mwadingusha, lililoitwa Francqui wakati huo, lilianza kutoa umeme mwaka 1930. Ukiwa na mashine, shuka jeupe na giza la saa moja usiku, kazi imekwisha.

Televisheni ndiyo iliyoleta mipaka ndani ya nyumba.

Mwaka 1961, wakati Katanga, jimbo lenye Lubumbashi, limejitenga na Kongo, televisheni ilianza upande wa pili wa mpaka, Kitwe, katika ukanda wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini. Kinshasa ilipata yake Novemba 1966, miezi michache baada ya Élisabethville kuitwa Lubumbashi. Zote zilikuwa nyeusi na nyeupe, na vita vya rangi vilikuwa bado Ulaya. Huko, mwaka 1967, Ujerumani Magharibi na Uingereza zilianza kurusha rangi kwa mfumo wa PAL, uliobuniwa na Walter Bruch wa Telefunken. Mwaka huohuo Ufaransa ilizindua SECAM, kazi ya Henri de France, na Umoja wa Kisovieti ukaufuata. Wamarekani walikuwa na NTSC yao tangu 1953. Mifumo hiyo mitatu ilifanya jambo lilelile kwa njia tatu zisizosikilizana, na kila dola ilitaka marafiki wake wanunue yake.

Afrika ikagawanywa tena, safari hii bila mkutano wa Berlin. Zanzibar ilianza televisheni ya rangi mwaka 1973, kabla ya nchi nyingi za bara hili, kwa PAL. Afrika Kusini, iliyokuwa ikiikataa televisheni kwa woga wa kisiasa, ilifungua yake Januari 1976, PAL pia. Zambia, PAL. Kongo ya Rais Mobutu, wakati huo ikiitwa Zaire, ikaenda na Wafaransa: kampuni ya Thomson-CSF ndiyo iliyohusika na Cité de la Voix du Zaïre, lile jumba refu la utangazaji la Kinshasa, na mfumo ukawa SECAM. Matangazo yalipelekwa mikoani kwa setilaiti. Kwa hiyo Lubumbashi ilijikuta kisiwa cha SECAM kilichozungukwa na maduka ya PAL.

Na hata SECAM yenyewe haikuwa moja. Zaire ilitumia aina iitwayo K1, ambayo ilitofautiana na ya Ufaransa kwa namna picha inavyobebwa na mawimbi. Mtu aliyerudi kutoka Paris na televisheni ya Kifaransa ya kawaida, akiamini amenunua iliyo sahihi kuliko za wenzake wa Johannesburg, alikuta haiwezi kuonyesha kituo cha nchi yake vizuri. Mfumo uliouzwa kwa Waafrika ulikuwa umetengwa hata na ule wa waliouuza. Sijui kama palikuwa na hila au ni uzembe tu. Matokeo kwa mnunuzi ni yaleyale.

Katikati ya mkorogo huo zikaingia kanda. Sony ilitoa Betamax mwaka 1975, JVC ikajibu kwa VHS mwaka 1976, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 VHS ilikuwa imeshinda karibu kila mahali. Kwa mara ya kwanza mtu wa Kamalondo aliweza kuchagua mwenyewe atakachotazama, bila tume, bila padre, bila picha ya Mobutu akishuka mawinguni kabla ya habari. Filamu za karate, za kikauboi, maigizo na muziki wa Kinshasa, na baada ya 1992 filamu za Nigeria: zote zilipita kwenye kanda. Mwenye deki aliweka mabenchi, akatoza senti kidogo, chumba kikawa sinema. Dar es Salaam vyumba vya namna hiyo vilikuja kuitwa vibanda umiza, Kampala, bibanda. Kila pahali tabia zilifanana: joto, watoto waliobanana mbele, na mtu mmoja mzima aliyeruhusiwa kugusa waya.

Huyo mgusa waya ndiye mhusika mkuu wa hadithi hii, ingawa hakuna kitabu kilichomwandika. Kazi yake ilikuwa ya mshenga: kukutanisha pande mbili ambazo wazazi wao hawakutaka zioane. Tatizo la sauti alilimaliza kwa kuiacha kabisa njia ya antena. Kama televisheni ilikuwa na matundu ya AV, picha ilipita kwenye waya wa njano na sauti kwenye mweupe na mwekundu, kila moja peke yake, bila mawimbi, na megahezi 5.5 au 6 zikawa hazina maana tena. Vyombo vya Ufaransa vilikuja na Péritel, ile plagi pana yenye nafasi za pini 21 ambayo Ufaransa iliilazimisha kwenye televisheni zake tangu 1980. Aliyejua pini gani ni ya picha na zipi ni za sauti aliweza kukata plagi, kuchuna waya na kuunga mwenyewe.

Rangi ndiyo iliyokuwa ngumu. Kanda ya PAL kwenye televisheni ya SECAM tupu ilionekana, ikasikika, lakini ikawa ya kijivu, hata kwa waya safi. Wengi walitazama arusi zao hivyo kwa miaka: bibi arusi wa kijivu, keki ya kijivu, kitenge cha kijivu. Ukombozi ulitoka Asia kupitia Ghuba. Viwanda vya Japani vilitengeneza kwa ajili ya masoko kama Dubai televisheni na deki zilizokubali PAL, SECAM na NTSC bila kuchagua, na wafanyabiashara wa Kongo waliokwenda Dubai walizileta. Neno “multisystem” likaandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, nalo likauza kuliko jina la kiwanda. Ugomvi ambao Paris na Bonn hazikuumaliza kwa mikutano ulimalizwa na wachuuzi waliobeba maboksi kwenye ndege.

Si kwamba kila kilichotazamwa kilitoka nje. Lubumbashi ilikuwa na kikundi cha Mufwankolo, wachekeshaji waliocheza kwa Kiswahili cha mjini humo, redioni na kwenye televisheni ya mkoa. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwa nao mwaka 1986 walipokuwa wakitunga mchezo kuhusu msemo kwamba madaraka huliwa mazima, hayagawanywi, mchezo uliorekodiwa kwa televisheni. Kitabu chake kuhusu kazi hiyo kilitoka mwaka 1990. Watu waliojiona na kujisikia kwenye kioo kwa lugha yao wenyewe hawakuhitaji kushawishiwa kununua deki.

Umeme ulikuwa mtihani mwingine. Njia ya Inga–Shaba, waya wa karibu kilomita 1,700 kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, na vijiji vilivyolala chini yake vilibaki gizani kwa sababu umeme wake ulikusudiwa migodi. Kisha migodi yenyewe ikaanguka: sehemu ya mgodi wa Kamoto ilibomoka Septemba 1990, uzalishaji wa Gécamines, kampuni ya taifa ya madini, ukaporomoka, na mwaka 1991 uporaji ukakumba miji ya Zaire, Lubumbashi ikiwemo. SNEL, shirika la umeme la taifa, ilibaki na mitambo michovu. Katika mtaa wenye umeme wa kukatika, kompyuta na deki hufa wakati umeme unaporudi, maana hurudi kwa kishindo. Wenye akili walichomoa kila kitu mara tu taa zilipozima, wakaacha balbu moja iwape habari. Na kila mzigo wa Zambia ulikuja na plagi ya Kiingereza ya pini tatu nene, isiyoingia kwenye soketi za Kibelgiji za ukutani, kwa hiyo adapta ilikuwa chombo cha nyumbani kama kisu.

CD za video, na baadaye DVD zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, zilirahisisha mambo kwa muda. Mashine za bei nafuu za Kichina zilikuwa na waya tatu za rangi, na hata mtoto alijua njano kwa njano. Kosa moja tu lilibaki, nalo lipo hadi leo kwenye televisheni bapa: tundu la njano mara nyingi limeunganishwa na la kijani, na mtu asipochagua AV kwenye menyu picha hutoka bila rangi. Wazee walipoona hivyo walisema SECAM imerudi.

Halafu laptopu. Hapa lazima niseme ukweli kuhusu waya mmoja unaouzwa masokoni kote Afrika Mashariki na Kongo: upande mmoja plagi ya VGA yenye pini 15, upande wa pili zile njano, nyekundu na nyeupe. Kwa laptopu nyingi waya huo haufanyi kitu. VGA, iliyoletwa na IBM mwaka 1987, huchora mistari ya picha zaidi ya 31,000 kwa sekunde na hupeleka rangi tatu kila moja njia yake. Televisheni ya zamani yenye mgongo inasubiri mistari 15,625, rangi zote zikiwa zimechanganywa kwenye waya mmoja. Waya mtupu hauwezi kutafsiri. Kinachotakiwa ni kisanduku chenye saketi ndani, chenye kunywa umeme wake mwenyewe. Isitoshe VGA haibebi sauti hata kidogo, ndiyo maana zile waya nyekundu na nyeupe za upande wa pili ni pambo. Pesa ngapi zimepotea kwenye waya huo, Mungu anajua.

HDMI, ambayo maelezo yake ya kwanza yalitolewa Desemba 2002, ilipofika kwenye laptopu na televisheni za kawaida ilifanya kile ambacho miaka 40 ya mifumo haikufanya: waya mmoja, pini 19, picha na sauti pamoja, bila PAL, bila SECAM. Unachomeka, unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, unachagua kunakili skrini. Lakini malalamiko ya zamani yakarudi kwa mlango wa nyuma: picha iko, sauti hapana. Safari hii kompyuta yenyewe ndiyo iliyong'ang'ania kuzungumza kwa spika zake ndogo, mpaka uende kwenye mipangilio ya sauti uiambie itumie HDMI. Kijana akifanya hivyo kwa sekunde kumi, mzee wa deki hukuna kichwa. Yeye alihitaji siku nzima na kisu.

Na kuna hatari ambayo mzee anaijua kuliko kijana. Nyumba nyingi za zamani hazina waya wa ardhi kwenye soketi. Chaja ya laptopu na televisheni zisizo na ardhi huvujisha umeme mdogo kwenye maganda yake ya chuma, kiasi cha kuuma kidole, na ukichomeka HDMI wakati zote zimewashwa, tofauti hiyo inaweza kupita kwenye pini na kuua tundu. Kwa hiyo waya wa picha kwanza, umeme baadaye.

Desemba 2010 mji ulikuwa na sababu ya kuwasha kila kioo kilichokuwa hai. TP Mazembe, timu iliyozaliwa mwaka 1939 mikononi mwa Wabenediktini na kutwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, ilikuwa Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Vilabu. Iliipiga Pachuca ya Meksiko 1–0, kisha tarehe 14 ikaifunga Internacional ya Brazili 2–0, kipa Kidiaba akiruka kwa makalio golini. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika fainali hiyo. Tarehe 18 Inter Milan ikashinda 3–0. Refa alikuwa Yuichi Nishimura, Mjapani. Baadhi ya mashabiki waliokasirika Lubumbashi walimchukulia kuwa Mchina, na maduka ya Wachina yakashambuliwa. Picha ilikuwa safi na sauti ilikuwepo; kosa lilikuwa kwa mtazamaji. Mwaka uliofuata klabu ilifungua uwanja wake hapohapo Kamalondo.

Katika miaka hiyohiyo projekta ilirudi mjini, sasa ya kidijitali. Makanisa yalianza kuweka maneno ya nyimbo ukutani, walimu wa chuo kikuu wakaachana na chaki, na mwaka 2008 wasanii, wakiwemo Sammy Baloji na Patrick Mudekereza, walianzisha Rencontres Picha, tamasha lililokua likawa Biennale ya Lubumbashi. Picha na video zilitolewa nje ya kumbi, mbele ya wapita njia, katika mji ambao babu zao waliruhusiwa kuona kile tu kilichopitishwa na tume. Kwa fundi kazi ikabadilika: sasa anapigania mwanga. Projekta ndogo mbele ya dirisha lisilo na pazia ni hasara, na taa yake ikizimwa ghafla na umeme kabla feni haijaipoza, haidumu.

Deki sasa zinalala chini ya vitanda. Funai ya Japani, kiwanda cha mwisho kilichozitengeneza, kiliacha kazi hiyo Julai 2016. Kanda za VHS nazo huchakaa: sumaku hufifia, ukungu huota, utepe hunata. Ndani ya masanduku ya Kamalondo kuna arusi, matanga, mechi, mahubiri na michezo ya kuigiza ambayo haiko popote pengine. Kuiokoa kunahitaji waya uleule uliogeuzwa: njano, nyekundu na nyeupe kutoka deki hadi kisanduku kidogo cha USB, na kutoka hapo hadi laptopu, kanda ya saa tatu huchukua saa tatu. Mwenye deki inayozunguka bado asiiuze kwa wakusanya vyuma. Mwenye kanda ampelekee kijana mwenye laptopu mwaka huu, ikiwezekana akae naye na kumtajia majina ya watu wanaoonekana, kwa kuwa kijana hawajui.